Nimehudhuria warsha tatu za kupanga maua Nairobi: ipi inastahili pesa yako?

Hamjambo watazamaji wangu. Kabla sijasema mengi, tazameni shada hili hapa mezani. Sijalitia kwenye chombo wala sijaliegemeza popote. Limesimama lenyewe, vikonyo vimetawanyika chini kama miguu ya kigoda. Nimelifunga Jumamosi kwa mikono yangu, na miezi minne iliyopita nisingeweza. Kwa hiyo leo sichambui simu wala blenda. Nachambua mafunzo: zile warsha ndogo za kupanga maua, za nusu siku, ambazo siku hizi mnaziona zikitangazwa kila wikendi hapa Nairobi.

Nimekwenda tatu. Zote nimelipa kutoka mfukoni, hakuna aliyenialika. Majina ya wenyewe sitayataja, kwa sababu nataka mtoke hapa mkijua kuipima warsha yoyote mtakayoikuta, hata kama mko Kisumu, Arusha au Kampala.

Nianze na ile ya kwanza, nayo naipitia haraka. Ilikuwa ukumbini, watu kama arobaini, meza zimepambwa, mpiga picha yupo. Nililipa shilingi 6,500. Kila mtu alikuta mbele yake maua manane yaliyokwisha kusafishwa, na kikapu chenye sponji ya maua iliyokwisha kuloweshwa na kukatwa. Mwalimu alikuwa jukwaani, tunamwona kwenye skrini. Chomeka hapa, chomeka pale, piga picha, kwaheri. Kikapu kilikuwa kizuri kweli. Siku ya tatu mawaridi yakainamisha shingo, na mimi sikujua kwa nini. Niliponunua maua mengine nijaribu tena, sikujua hata pa kuanzia. Pesa yangu ilinunua kikapu, ufundi ulibaki jukwaani.

Ya pili ndiyo iliyonifanya niwashe kamera leo.

Ilikuwa barazani kwa mtu, wanafunzi sita, meza moja ndefu ya mbao. Shilingi 4,000. Mwalimu ni mama wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi Naivasha, kwenye mabanda ya kupangia mawaridi ya kupelekwa ng'ambo. Mnajua kule maua hupangwa kwa urefu wa kikonyo, sentimita 40, 50, 60, na kuendelea, na lisilotimiza kipimo haliendi Uholanzi. Mengi ya hayo ndiyo tunayoyakuta sokoni kwetu. Mama huyu akilitazama waridi anajua lilikatwa likiwa changa mno au limepitiliza. Tulifika tukitarajia kupanga maua. Akatuonyesha ndoo.

Saa nzima ya kwanza hatukupanga chochote. Tuliosha ndoo kwa sabuni, tukazisuuza, tukajaza maji. Akatuambia ndoo ya maua iwe safi kiasi cha kuweza kunywea maji, kwa sababu bakteria wakizaliana humo huziba mirija ya kikonyo, na ua hufa kwa kiu huku limesimama ndani ya maji. Hapo nikakielewa kile kikapu changu cha kwanza.

Halafu majani. Kila jani litakaloingia majini linatolewa, kwa kuwa likioza linawalisha bakteria haohao. Miiba mnaitoa kwa kitambaa kizito, mnavuta kutoka juu kwenda chini bila kukwangua ngozi ya kikonyo. Mimi nilikuwa naikwangua kwa kisu kama ninayemenya muhogo, na kila kidonda nilichokiacha kilikuwa mlango wa uozo. Kisha kikonyo kinakatwa mshazari, sentimita mbili hivi, kwa kisu au mkasi mkali, na papo hapo kinaingia majini. Ukikata mshazari, mdomo wa kunywea unakuwa mpana, na kikonyo hakiwezi kukaa bapa kwenye sakafu ya ndoo kikajiziba.

Jambo jingine, na hili naliomba mlishike. Mawaridi mkiyanunua mara nyingi yana petali mbili tatu za nje zenye ukijani, au zenye madoa ya hudhurungi. Wengi tunayakataa, tunasema yameoza. Zile ni petali za ulinzi! Mkulima anaziacha makusudi zilikinge ua safarini. Unaishika moja chini kabisa, kwenye kitako, unaivuta taratibu kwa upande, inatoka. Ndani ua ni jipya. Tazameni, nalibandua hili mbele yenu. Mmeona rangi iliyokuwa imejificha?

Maua tuliyoyasafisha hatukuyatumia. Aliyaweka mahali penye ubaridi yanywe usiku kucha, yawe ya kundi la kesho yake. Sisi tulitumia yaliyosafishwa na kundi la jana. Nilipenda sana utaratibu huo. Unajifunza kazi ileile ya dukani, pamoja na kungoja kwake.

Sasa tuje kwenye mkono. Nasogeza kamera.

Hii inaitwa mzunguko, namna ya kufunga shada mkononi. Kikonyo cha kwanza nakishika wima, kati ya kidole gumba na cha shahada. Cha pili nakilaza juu yake kwa mshazari, kichwa kushoto, mguu kulia. Cha tatu mshazari uleule. Kichwa kushoto, mguu kulia. Sasa naligeuza fungu lote kidogo mkononi, na naendelea. Vyote vinapishana hapa, penye vidole vyangu, hapo tu. Kimoja kikienda kinyume, kinawabana wenzake, na ukikaza kamba kinavunjika.

Maelezo hayo mnayapata kwenye video yoyote, hata hii yangu. Niliyajua kabla sijakanyaga baraza lile. Lakini nilikuwa nikijaribu nyumbani, kwenye ua la saba au la nane fungu linakuwa gumu, haligeuki, vichwa vinakandamizana. Nikarudia kutazama video, nikapunguza kasi yake, sikuona kosa langu. Mama alipita nyuma yangu, akatia vidole vyake viwili chini ya vyangu, akasema: “Mwanangu, unayanyonga. Yashike kama unavyoshika kifaranga.” Basi. Kosa lilikuwa nguvu ya vidole, na nguvu ya vidole haionekani kwenye skrini. Ilibidi mtu aiguse.

Akanifungulia shada mara nne. Kila nilipomaliza anakata kamba, anayalaza mezani, “Anza tena.” La tano alilisimamisha mezani, akaondoa mkono. Likasimama. Hicho ndicho kipimo cha mzunguko: ukikata vikonyo sawasawa na mishazari yako ni ya kweli, shada linasimama bila msaada.

Hapo mtaniuliza, maua gani hayo yanayostahimili kufunguliwa mara nne? Hatukuanza na mawaridi. Tulianza na kaneshoni na krisanthemamu, maua yasiyochubuka upesi na yenye vikonyo vinavyovumilia mkono wa mwanafunzi. Mawaridi yalikuja mwisho, mkono ukiwa umeshatulia. Ukiona tangazo la warsha ya wanaoanza linaahidi maua ya bei ghali tangu dakika ya kwanza, uliza utayashika mara ngapi. Ua ghali huwa linashikwa mara moja.

Kasoro zilikuwapo, siwafichi. Tulichelewa kuanza kwa dakika arobaini. Mikasi mizuri ilikuwa miwili kwa watu sita, tukawa tunasubiriana. Na hakutupa maandishi yoyote ya kwenda nayo nyumbani. Mimi niliandika kwenye simu huku mikono imelowa. Kwa shilingi 4,000 karatasi moja yenye maelezo ya utunzaji ni haki yetu.

Yale ya utunzaji aliyasema mwishoni, wengine wakiwa wameshabeba mikoba. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili, na kila ukibadilisha ukate vikonyo tena kidogo. Na msiweke shada karibu na bakuli la matunda. Ndizi mbivu na maembe hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha matunda, na maua mengi yakiipata yanazeeka mbio. Kaneshoni hasa. Nami nilikwenda nyumbani nikaliweka shada pale mezani pa chakula, kando ya ndizi, kwa sababu ndipo lilipopendeza. Baada ya usiku mmoja kaneshoni zikajikunja kuelekea ndani kama zinataka kulala. Nilihuzunika. Zilikuwa za lile shada langu la tano.

Ya tatu niliichagua kwa sababu moja: ilifundisha kupanga bila sponji. Ile sponji ya kijani mnaijua, kila harusi ipo, kila kaburi ipo. Ilitengenezwa Ohio, Marekani, na Vernon Smithers mwaka 1954, na imetumikia kazi hii tangu wakati huo, kwa kuwa inashika maji na inashika kikonyo mahali unapotaka. Shida yake ni kwamba ile ya kawaida ni plastiki. Haiozi, inavunjika kuwa chembe, na chembe zinafuata maji. Shirika la bustani la Uingereza, RHS, limeipiga marufuku kwenye maonyesho yake tangu 2021. Huku kwetu maji ya kuoshea vyombo vya maua ya harusi tunayamwaga mtaroni, na chembe zake.

Tulikuwa watu wanane, kwa muda wa saa tatu, shilingi 5,000. Tulikunja wavu wa kuku kuwa kama mpira uliolegea, tukautia ndani ya bakuli la udongo, tukaufunga juu kwa selotepu. Vikonyo vinapita kwenye matundu na kusimama. Wavu huo unautoa, unauosha, unautumia miaka. Tulijaribu pia kenzan, kile kisahani kizito chenye misumari wima ambacho Wajapani hukitumia katika ikebana, sanaa yao ya kupanga maua. Unachomeka kikonyo juu ya misumari na kinabaki. Mwalimu ni kijana, anajua kazi, lakini alizungumza kuliko tulivyofanya. Nilitoka na mpango mmoja tu mkononi. Kwa mtu aliyekwisha kushika mzunguko, inafaa. Kwa anayeanza kabisa, nenda kwanza kwa mama wa ndoo, au kwa mtu afanyaye kama yeye.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, pigeni simu muulize. Tutakuwa wangapi kwa mwalimu mmoja? Zaidi ya kumi mimi siendi tena. Nitafunga na kufungua mara ngapi? Na maua tutayasafisha wenyewe au tutayakuta tayari? Mwenye warsha akijisifu kwamba yote yatakuwa tayari, anawaondolea nusu ya somo.

Halafu tengeni pesa ya mazoezi, maana saa nne hazitoshi kumfanya mtu fundi. Mimi nakwenda City Market, pale Muindi Mbingu, jioni wauzaji wanapokaribia kufunga. Nachukua kaneshoni zilizobaki kwa bei ya maelewano, nafunga, nafungua, nafunga.

Mwisho kuna jambo langu binafsi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale. Nyanya yangu alikuwa akifunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya manukato wanavyojipamba navyo wanawake wa Pwani. Asmini, lile ua dogo jeupe lenye harufu nzuri, aliichuma alasiri ikiwa bado tumba, kwa kuwa hufunguka jioni, na manukato yake unayataka yafike harusini, yasiishie kibarazani. Akaongeza rihani, waridi, mkadi, ua jingine la manukato, akiupata, akaviringa uzi. Vidole vyake vilikuwa vimelegea vilevile, kama vya mama wa Naivasha. Nilikaa miguuni pake miaka yote ile na sikumwomba hata siku moja anitie kikuba mkononi anionyeshe. Ameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Warsha za vikuba na makoja ya asmini, yale mashada ya kuvaa shingoni, bado sijaona tangazo lake hata moja, na mashada ya mzunguko yanafundishwa kila wikendi. Kwa hiyo nawaomba. Kama uko Mombasa, Lamu, Malindi au Unguja, na kwenu kuna mama au bibi anayefunga vikuba hadi leo na yuko radhi kukaa na watu watano sita barazani kwake, niandikie hapo chini. Nitakuja na ada yake kamili, na nitakuja mapema, alasiri, asmini ikiwa bado tumba.