Dunvegan kule Skotlandi: mi nilifuata ngome, mama akaipenda bustani

Kamwene wakuu. Mdogo wangu alikuwa na mahafali Glasgow mwezi wa saba, basi mi na mama tukafunga safari kutoka Njombe, na mahafali yalivyoisha dogo akasema hamuwezi kurudi nyumbani mmeona maghorofa tu, twendeni kisiwa cha Skye mkaione ngome ya ukoo wa MacLeod, inaitwa Dunvegan. Sa ngoja niwape mrejesho.

Nianze na kero nimalize. Kampuni ya utalii iliyotubeba, jina nalihifadhi, walituambia tuwe kituoni saa kumi na mbili asubuhi, gari limekuja saa mbili, halafu dereva kila penye duka la zawadi anapaki, yaani ni kama basi letu la mikoani linavyosimama kila penye mahindi ya kuchoma, tofauti ni kwamba hapa hata hayo mahindi hayapo. Tumevuka daraja la kwenda Skye (lilifunguliwa 1995, zamani ilikuwa kivuko) mchana umeshaenda, tunafika Dunvegan saa tisa tunaambiwa mna saa moja na nusu. Kuna mashua inakupeleka kuona sili, wale wanyama wa baharini, wamelala kwenye mawe, hiyo ndo tukaikosa hivyo. Nyota 2 kwa usafiri na nimewaonea huruma.

Ngome yenyewe sasa. Imekaa juu ya mwamba, maji ya bahari yako chini hapo, na mpaka 1748 hapakuwa na mlango wa upande wa nchi kavu, ukitaka kuingia unakuja na mashua kama mvuvi. Ukoo huo huo mmoja umekaa pale karibu miaka 800, sasa hivi wako chifu wa 30, na bado ni nyumba yao, siyo gofu lililoachwa popo. Mi hilo lilinigusa, maana sisi hata jina la Iringa linatokana na lilinga, ngome kwa Kihehe, ila ile ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga, Wajerumani waliivunja kwa mizinga 1894, leo unaonyeshwa mahali ilipokuwa.

Ndani kuna bendera wanaiita ya majini wa kule kwao, hariri ya zamani sana, imechakaa imebaki rangi ya chai ya rangi, iko kwenye kioo. Hadithi yao ni kwamba ukoo ukizidiwa unaikunjua na unaokoka, ila ni mara tatu tu, na mbili zimeshatumika. Mama akaiangalia weee, akaninong'oneza, "Mwanangu, hiki si kama kitambaa cha kuchujia?" Nikambana mkono anyamaze. Lakini watu mle ndani walikuwa kimya kabisa, ukimya ule ule wa makumbusho ya Kalenga ukisimama mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa 1954, hivyo nikaelewa kitambaa hicho kwao siyo kitambaa.

Halafu kuna pembe la ng'ombe la kunywea. Mrithi wa uchifu lazima alijaze mvinyo alimalize bila kushusha, na linaingia zaidi ya chupa nzima, na baba wa chifu wa sasa alilimaliza 1965 chini ya dakika 2. Dogo akasema ingekuwa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kuna wajomba zetu wangekuwa machifu zamani sana.

Sasa kilichomshika mama siyo pembe wala bendera. Kulikuwa na mzee mmoja anasimama chumbani kuelekeza wageni, dogo anatafsiri, akatusimulia habari za chifu wa 25, Norman. 1846 ugonjwa wa viazi ukapiga nyanda zote za juu za Skotlandi, na watu wa kawaida kule chakula chao kikubwa ilikuwa viazi, shamba zima linaoza ndani ya siku chache. Huyo Norman akanunua chakula akalisha watu wake mpaka akafilisika, akaondoka kwenye ngome akaenda London kuajiriwa ukarani. Mama akauliza viazi vilianzaje kuoza, majani yanakuwa na madoa meusi kama yameunguzwa? Yule mzee akashangaa, akasema ndiyo, hivyo hivyo. Aise mama akageuka akaniambia "ni ukungu huo, ni ukungu wetu ule ule." Na kweli ni huo huo, ule unaotufanya masika tushinde na bomba mgongoni kupiga dawa, ukichelewa wiki moja umeisha. Mama analima Kikondo ekari mbili, na hapo ndo kwa mara ya kwanza nikamwona anaongea na mzungu kama jirani yake wa Uwemba, mpaka dereva anapiga honi.

Bustani tulizipita mbio mbio na ndo nzuri kuliko vyote. Njiani kote Skye ni vilima vya nyasi na majimaji, miti ya kuhesabu, halafu unaingia pale ghafla ni miti mirefu, kijito kinashuka kwa maporomoko madogo na vidaraja, uvuli, unyevu, yaani ni Rungwe kabisa. Mbele kuna bustani ya mviringo ya vichaka vilivyokatwa kwa mpangilio, na nyingine ya ukuta ambayo zamani ilikuwa ya mboga za jikoni, ina nyumba ya kioo. Mama akainama akachukua udongo kidogo akausugua kwa vidole, akasema mweusi huu, hapa hata mbolea unaweka kwa adabu. Alitaka kuondoka na mbegu za maua, dogo akamkatalia, zingeishia uwanja wa ndege.

Nyota 5 kwa Dunvegan. Kunafungwa katikati ya mwezi wa kumi mpaka wa nne, kwa hiyo msiende Krismasi. Bebeni koti la Makete hata kama ni kiangazi chao, na dawa ya usubi, wale wa kule ni wadogo mno ila wanauma kama wana deni na wewe. Na kodini gari wenyewe, mi sili wangu bado nawadai.