Mikeka Ipo Dukani, Tovuti Inasema Haipo: Uzoefu Wangu na Katalogi Inayoendeshwa kwa Utafutaji

Nimechelewa kuandika haya kwa makusudi, kwa sababu nilitaka hasira zipoe kwanza. Hazikupoa, na mpwa wangu ameniambia kwamba nikizidi kungoja nitasahau yale madogo madogo ambayo ndiyo yenye faida kwa mfanyabiashara mwingine anayefikiria kuweka katalogi ya bidhaa zake kwenye intaneti. Basi nayasema.

Mimi nina duka Darajani, Unguja. Nauza mikeka na misala, vikapu, makawa ya kufunikia chakula, vyano (yaani sinia za mbao), kanga, vikoi, kofia za kushonwa kwa mkono, na udi pamoja na vyetezo vyake. Mikeka yangu mingi husukwa Pemba. Wateja wangu wa zamani wengi wao wamehamia Maskati, Dubai, Mombasa na Dar es Salaam, na kwa miaka mingi walikuwa wakiniagiza kwa kunitumia picha za simu, nyingine zina ukungu kiasi kwamba sijui kama ninachotazama ni mkeka au mgongo wa samaki. Ofisi moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, ikanishauri nijengewe tovuti ya katalogi kwa mfumo wa kusimamia maudhui unaotegemea utafutaji.

Nikiri kwamba nilipoelezwa nilifurahi sana. Katika mfumo wa namna hii hakuna ukurasa wa mikeka ulioandikwa na mtu akaukalisha pale. Bidhaa huingizwa mara moja kwenye hifadhidata, injini ya utafutaji huzisoma zote na kuzitengenezea faharasa inayofanana na ile ya mwisho wa kitabu, yaani kila neno na orodha ya bidhaa ambamo limetajwa; kisha kila ukurasa anaouona mteja, hata ule anaoufungua kwa kubonyeza menyu, huwa ni jawabu la utafutaji uliofanywa papo hapo. Nikiongeza msala mmoja, unajitokeza wenyewe miongoni mwa misala, miongoni mwa vitu vya ukindu na miongoni mwa vitu vya Pemba, bila ya mtu kugusa kurasa hizo. Niliona hii ni akili kubwa, na bado naona hivyo. Nikatoa nusu ya malipo siku hiyo hiyo.

Tovuti ilifunguliwa karibu na Ramadhani, wakati ambao kila nyumba hukumbuka kwamba misala yake imechakaa. Nikakaa na simu yangu nyuma ya meza, nikabonyeza neno la kwanza kwenye menyu, Mikeka. Ukurasa ukaja mweupe na maneno mawili: "Hakuna kilichopatikana." Nikabonyeza Misala, mambo yale yale. Nikabonyeza Vikapu, hakuna. Kanga zilikuwepo, kofia zilikuwepo, udi ulikuwepo. Nyuma yangu ilikuwa imepangwa mikeka mpaka kwenye dari, na kila mmoja nilikuwa nimeupiga picha mwenyewe na kuuandikia maelezo yake usiku baada ya kufunga duka.

Ilinichukua siku mbili kugundua siri yake, na sikusaidiwa na fundi yeyote. Kila neno ambalo umoja wake na wingi wake ni mamoja, kama kanga na kofia, lilikuwa linafanya kazi. Kila neno linalobadilika mwanzoni lilikuwa limekufa. Mimi niliandika "Mkeka wa ukili, wa watu wawili", kwa sababu ninaeleza mkeka mmoja. Menyu ikatafuta "mikeka". Na mfumo haukujua kwamba mkeka na mikeka vina uhusiano wowote.

Nikaenda ofisini kwao. Kijana aliyenijengea tovuti hakusimama wala hakunikaribisha kiti, jambo ambalo pengine ningelisamehe, kwani vijana wa kompyuta nao wana adabu za aina yao. Nikamweleza nilichokigundua. Akatazama kioo chake kidogo, akasema, "Bi mkubwa, mfumo hauna tatizo. Wateja wako hawajui kutafuta. Waambie waandike kwa umoja, au bora waandike kwa Kiingereza."

Niliyasikia maneno hayo Unguja. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja yetu ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, watu kutoka Kenya mpaka Kongo wakajifunza umoja na wingi kwa mtindo wetu, na leo mtoto wa Mlandege, mtaa wa hapa hapa mjini, ananiambia niwaombe radhi wateja wangu kwa sababu wameweka wingi pahala pake. Nilimjibu, "Mwanangu, mama yako akikutuma vikapu utamletea kitu, au utamwambia hakuna kilichopatikana?" Hakucheka. Wala mimi sikuwa nafanya mzaha.

Mpwa wangu ndiye aliyenifafanulia kisa chenyewe, na hapa lazima niwe mwadilifu. Mifumo hii hupewa kanuni za kulikata neno ili maumbo yake yote yakutane kwenye shina moja. Kanuni mashuhuri za Kiingereza zilichapishwa na Martin Porter mwaka 1980, nazo hukata mkiani, kwa kuwa Kiingereza hubadilisha maneno yake mkiani. Sisi wingi wetu uko kichwani. Mashine ililishika neno "mikeka", ikautazama mkia wake, haikuona cha kukata, ikalitafuta kama lilivyo na isilione. Mashine haina kosa. Hata Lucene, maktaba ya programu aliyoianzisha Doug Cutting mwaka 1999 na ambayo injini nyingi za utafutaji zimejengwa juu yake, inamruhusu fundi kuweka kanuni za lugha yake na orodha ya visawe, yaani maneno ambayo mashine huambiwa iyahesabu kuwa kitu kimoja. Mwenye kosa ni aliyeuacha mpangilio wa Kiingereza kama ulivyotoka kwenye boksi, akauleta Darajani, akapokea pesa.

Baada ya kelele zangu akafanya alichokiita marekebisho: aliwasha utafutaji wa kukaribia, unaokubali neno lipishane kwa herufi moja au mbili. Mikeka ikarudi, kwa kuwa baina ya mkeka na mikeka kuna herufi moja tu. Nilishukuru kwa muda wa kama saa moja hivi. Kisha mteja wangu wa Maskati akanipigia kuuliza kwa nini ameandika "udi" akaletewa mabunda ya uzi wa kushonea kofia. Udi na uzi, herufi moja. Aliyeandika "kanga" akaonyeshwa kanda pia. Nikamwomba kijana auzime mfumo huo wa kubahatisha, kwani ni afadhali duka liwe tupu kuliko kumpa bibi harusi uzi afukize chumbani.

Ikabaki njia ya visawe. Nilinunua daftari la skuli, nikaandika kwa mkono wangu, jozi kwa jozi: chano na vyano, mkeka na mikeka, msala na misala na mswala, kikoi na vikoi, ungo na nyungo. Nikaongeza na yale ya mahala, maana mtu wa Mombasa anayetaka kanga huandika "leso", na kwetu leso ni kitambaa cha kufutia jasho. Daftari likajaa kurasa sita, nikampelekea. Akaniambia kwamba kila neno likiongezwa ni lazima faharasa nzima ijengwe upya, na kila ujenzi una malipo yake.

Nililipa mara tatu. Baadaye mpwa wangu akanionyesha kwamba visawe vinaweza kuwekwa katika moja ya sehemu mbili: wakati wa kujenga faharasa, ndipo huhitaji kujenga upya, au wakati mteja anapouliza, ambapo hakuna kinachojengwa. Kwa menyu hakukuhitajika hata visawe. Ilitosha kila bidhaa ipewe alama ya kundi lake, na menyu itafute alama hiyo badala ya neno. Kazi ya mchana mmoja. Sitaki kusema kwamba alijua na akanificha. Inawezekana hakujua. Sijui lipi kati ya hayo mawili linaniudhi zaidi.

Pamoja na hayo yote, ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba nataka kurudi kwenye picha zenye ukungu. Visawe vilipokaa, tovuti ilianza kufanya mambo ambayo nilikuwa nimekata tamaa nayo. Pembeni mwa ukurasa kuna vichujio vya nyenzo, ukubwa, rangi na mahali kitu kilipotengenezwa, na mbele ya kila kimoja imeandikwa idadi ya vilivyopo. Mteja mmoja akachagua ukindu, akachagua Pemba, akachagua wa watu wawili, akaagiza mikeka minne bila ya kuniuliza hata swali moja. Kwa biashara yangu hilo ni jambo la ajabu, kwa sababu mkeka mmoja ulikuwa haupiti bila ya maswali kumi na sauti ya dakika tano. Na kuna kumbukumbu ya maneno yaliyotafutwa yakakosa jawabu. Hiyo naisoma kila Ijumaa kama barua. Humo ndimo nilimoona watu wanaandika "mbuzi", nikaleta mbuzi sita za kukunia nazi, zikaondoka zote. Kabla ya hapo wateja waliokosa kitu walikuwa wakitoka kimya kimya, nami nisijue walichokosa.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika haya asubuhi nilikuwa nimekusudia kumaliza kwa kusema: mfumo chukueni, ila mjaribuni fundi kwanza kwa maneno kumi ya wingi kabla ya kumpa shilingi. Nilikuwa karibu hata kuisifu ile ofisi kwa kuniletea kitu kizuri, ingawa kwa mkono mbaya. Nikaona si haki kusifu bila ya kupima, nikafungua tovuti na kuandika "vyano".

Hakuna kilichopatikana. Nikasema labda kosa ni langu, nililisahau neno hilo. Nikalitoa daftari kwenye saraka. Lipo, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kwa wino wa buluu, na nimelilipia. Vyano vitatu viko nyuma ya kiti changu.