Kuhariri Wikipedia: msimbo au kihariri cha kuona?

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, inakupa njia mbili: kuandika msimbo wenyewe (maandishi yenye alama zinazopanga ukurasa), au kutumia kihariri cha kuona kilicholetwa 2013, ambacho hukuonyesha ukurasa karibu kama msomaji atakavyouona.

Kwa majedwali, kihariri cha kuona hakina mpinzani. Kuongeza safuwima ni kubofya tu; kwenye msimbo unaingiza seli mstari kwa mstari, na ukiruka mstari mmoja, seli zake hazilingani tena na safuwima zake.

Viungo navyo vinatutesa sisi zaidi. Wingi wetu hubadilika mwanzoni mwa neno, kwa hiyo kwenye msimbo lazima uandike [[Kisiwa|visiwa]]. Kihariri cha kuona kinataka uteue «visiwa», kisha uchague makala. Rahisi mno kwa mgeni.

Lakini kigezo (kipande cha msimbo kilichotayarishwa kutumika katika kurasa nyingi) kikiharibika, mimi narudi kwenye msimbo bila kusita. Mabano ya kufungia, }}, yakikosekana unatafuta mahali pake na kuyaweka. Tena msimbo hufunguka upesi hata mtandao ukisuasua, na tanbihi unazipa majina yanayoeleweka, si «:0» na «:1» za kihariri cha kuona zinazowachosha wahariri wanaokuja baadaye.