Duka la matumbawe lililoikataa hela yangu (nyota 4 kati ya 5)

Mara ya kwanza niliingia pale na laki mbili mfukoni nikatoka na laki mbili zilezile. Dada wa dukani akaniuliza tangi langu la viumbe wa baharini lina muda gani, nikamwambia linaenda miezi mitatu, akasema sawa, maji umeleta? Nikacheka nikajua ni utani. Wala. "Kaka, rudi nyumbani unichotee maji ya tangi kwenye chupa ya soda, ukileta ndo tuongee habari ya matumbawe." Aisee nilinuna, nimetoka Tabata na foleni ya Ubungo mnaijua wenyewe, nafika Mikocheni naambiwa nikalete maji kama naenda maabara kupima kichocho.

Ila kiukweli nilistahili. Miezi miwili nyuma nilishapigwa kwenye duka lingine, silitaji, jamaa aliniuzia kipande cha akropora, tumbawe gumu la matawi, tangi likiwa na wiki tano tu, akaniambia weka juu karibu na taa basi maliza. Siku ya tisa nimeamka asubuhi nyama imebanduka kuanzia chini kwenda juu, mfupa mweupe unabaki, mpaka jioni imeisha yote kama mtu amelimenya. Ukimpigia simu anakwambia "labda taa yako bro". Na haidromita ya plastiki niliyokuwa napimia chumvi niliinunua hukohuko kwake.

Basi Jumamosi iliyofuata nikapeleka chupa. Dada akadondosha tone moja kwenye rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, akaangalia, akanipa na mimi nichungulie: 1.020. Nikamwambia haiwezekani dada, nyumbani inasoma 1.025 kila siku. Akaniuliza ile yenye mkono unaopanda? Ndio. Akasema ule mkono vipovu vya hewa vikiuganda vinaunyanyua, kwa hiyo unasoma juu kuliko ukweli, gonga kidogo vitoke au achana nayo kabisa. Yaani miezi mitatu nilikuwa nafuga viumbe wa baharini kwenye maji yenye chumvi pungufu! Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, ambayo nayo hupimwa kwa digrii, ikatoka 6 na inatakiwa iwe 8 au 9 hivi, kalsiamu 350 badala ya 400 mpaka 450. Akanielewesha vizuri, tumbawe gumu linajijengea mfupa kwa vitu hivyo, sasa ukiliweka kwenye maji kama yangu ni sawa na kuita fundi saiti halafu saruji huna. Akasisitiza nisije nikapandisha vyote kwa pupa, alkalini isizidi digrii moja kwa siku, maana mabadiliko ya ghafla ndo yanayoua kuliko hata namba yenyewe kuwa mbaya. Kupimiwa bure. Alichoniuzia siku ile ni chumvi na dawa ya kupandishia alkalini tu.

Halafu joto. Hili wana Dar tulielewe. Video zote tunazoangalia ni za watu wa Ulaya wanahangaika na hita, sisi mwezi wa pili chumba tu kina nyuzi 32, tangi langu saa 9 mchana lilikuwa 30.5. Matumbawe yanapenda 25 au 26 hivi, 27 sio mbaya. Ndani ya mwili wa tumbawe kuna mwani mdogo sana ambao ndo unalilisha kwa kutumia mwanga, joto likizidi tumbawe linautema ule mwani, linabaki jeupe, likikaa hivyo muda mrefu linakufa na njaa. Ndicho kilichotokea baharini mwaka 1998, maji yalichemka mpaka matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Sasa kama bahari nzima ilishindwa, tangi la lita 200 sebuleni Tabata litaweza wapi?

Chila, mashine za kupoza maji ya tangi, anazo dukani ila bei yake unaweza kununua friji ukabaki na chenji. Hakunilazimisha. Akasema anza na feni ndogo mbili zipulize juu ya maji, na kweli zikashusha nyuzi 3, ila maji yanakauka balaa, naongeza karibu lita 3 kila siku. Na unaongeza maji ya RO, yaliyochujwa kwa mashine, yasiyo na chumvi, sio maji ya chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki palepale. Mimi kwa ujanja wangu nilikuwa naongezea maji ya kisima, ambayo kwetu ukinawa tu unasikia yana chumvi chumvi, kumbe yana na mengine kibao ya kulisha mwani wa kijani kwenye vioo. Mama watoto sasa hivi anauliza hii LUKU inaisha hivi kwa sababu ya samaki au kuna mtu anachomelea vyuma humu ndani. Sina jibu.

Baada ya wiki tatu na chupa mbili nyingine za maji ndo akakubali hela yangu, na hata hapo akropora akanikatalia. Akanipa uyoga na zoa, matumbawe laini, vitu vigumu kufa. Hapa ndo nilimpenda kabisa, maana nilimuuliza hivi vitu mnatoa kisiwani Mbudya? Akanipeleka nyuma kwenye tangi la matumbawe mama wanayokatia vipande, mawe yamejaa zoa za kijani na chungwa, akavaa glavu na miwani akanikatia mbele ya macho yangu, akabandika kwenye kijiwe kwa supaglu. Glavu sio mbwembwe, zoa zina sumu kali, usizikwangue mikono mitupu na usije ukachemsha jiwe lake eti unalisafisha, mvuke unaweza kukulaza hospitali. Na Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi toka 1975, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia tumbawe bado lina sifongo na konokono wa baharini wa jana, jiongeze.

Hama, tumbawe lenye vidole vya ncha kama nyundo, nilichukua mwezi uliofuata, kichwa kimoja, 120,000. Nyota niliyoibana inatokana na huyu. Nimefika nyumbani, nimeuacha mfuko uelee kwenye tangi dakika 20, nikadondoshea maji ya tangi kidogo kidogo kwa kimpira nusu saa, halafu nikamwosha kwenye beseni lenye dawa ya kuogeshea matumbawe kuondoa wadudu. Nikamtikisa. Kikadondoka kitu kama kapi la mchele, cha kahawia, nikasema uchafu, kikaanza kutembea. Kikafuata kingine. Minyoo bapa, vinne! Ningekuwa mvivu ningeviingiza vyote kwenye tangi. Sasa dada anayenipima maji kama daktari anashindwaje kuogesha mali yake kabla ya kuniuzia? Nilimtumia picha WhatsApp, akajibu kesho yake saa 6 mchana, akaomba radhi, akanipa chupa ya dawa bure. Sawa, lakini bado.

Jingine, usiagize uletewe na boda. Jirani yangu aliletewa saa 8 mchana mfuko umening'inia kwenye usukani, maji ya moto kama ya kuoga. Nenda mwenyewe, beba dishi la plastiki lenye mfuniko, weka kitambaa.

Hama yangu siku tatu za kwanza alijikunja kama ngumi, nikajua ndo yaleyale. Taa niliweka asilimia 30 kama nilivyoelekezwa, nikawa napandisha taratibu kila wiki, pampu ya mawimbi nikaigeuza isimpige usoni maana mkondo mkali unachana nyama yake. Siku ya nne jioni natoka kazini nakuta vidole vyote nje, kijani kibichi vyenye ncha kama vichwa vya nyundo, vinapepea. Nikakaa na viatu vyangu hivyohivyo mpaka ugali ukapoa. Zoa nimeziweka mbali naye sentimita 15 na zaidi, usiku anarusha vidole virefu anachoma majirani.

Wanafungua saa 4 asubuhi, Jumapili hawapo. Parking ni shida, acha gari barabarani utembee kidogo. Lipa namba ipo. Bei imechangamka, tena haishuki hata ulie. Na chupa ya maji ubebe, mimi juzi nimeenda mara ya sita bila chupa, nikaambiwa nirudi.