Potenshomita za Alpha milimita 24 kwa ampi ya valvu: zafaa sana, lakini zipime kwanza

Nianze na jibu kabisa kwa wasio na subira: kama unajijengea ampi ya gitaa ya valvu hapa Mombasa, chukua potenshomita (kile kifaa kilicho nyuma ya nobu, unachogeuza kupandisha na kushusha sauti) za kampuni ya Alpha za milimita 24, zenye shafti nzima isiyo na mpasuo, na usihangaike. Zile za CTS, kampuni nyengine, nazo ni nzuri, nzuri sana hata, na ninazo kwenye ampi nyengine, lakini ile tofauti ya bei mimi siisikii kwenye spika. Zile ndogo zisizo na jina ambazo utauziwa kwenye duka la spea hapa mjini ndo sizitaki tena karibu na valvu, na ntaeleza kwa nini.

Kwanza mambo ya herufi maana hapo ndo watu wengi hupotea. Kwa Alpha na CTS, A ni logi, ile ya volyumu inayopanda polepole mwanzo kisha kwa kasi, na B ni linia, inayopanda sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Potenshomita za zamani za Ulaya nyingi ziligeuza, A ndo linia, kwa hivo ukitoa spea ndani ya redio ya babu usiamini maandishi, amini mita. Yaani unaweka mita kwenye ohm, unageuza shafti mpaka katikati, unapima kati ya mguu wa kwanza na wa katikati. Ikiwa ni ya 1M (M ni milioni ya ohm, K ni elfu) na ni logi kweli utapata kama 100K hadi 150K hivi, ikiwa ni linia itakupa nusu, kama 500K. Hio ni kazi ya dakika moja na yafaa uifanye kabla hujalehemu chochote, kwa sababu kuibandua ikiwa ndani ya chesisi na waya zishajipanga ni kujitafutia tabu bure.

Na msione ni jambo dogo. Masikio yetu hayapimi sauti kwa mstari ulionyooka, kwa hivo volyumu ikiwa linia sauti yote inakuja pale mwanzo kama mfereji uliofunguka ghafla, ukifika tatu ishamaliza, kutoka hapo mpaka kumi hakuna cha maana kinachobadilika. Sasa wewe unapiga hotelini Nyali au Diani, wageni wanakula, meneja kila saa anaonyesha mkono shusha shusha, unahitaji nafasi ya kutosha kati ya moja na nne ya kucheza nayo. Wapiga gitaa la bango, ule muziki wetu wa pwani, wananielewa, lile gitaa linataka kusikika safi, kila noti peke yake, chini ya saksafoni bila kupotea, na huwezi kulipata hilo kama ukigusa nobu kidogo tu ampi inaruka kutoka kimya mpaka kelele. Ile Alpha ya 1M A niliyoweka inapanda polepole, taratibu, mpaka raha. Kusema kweli logi ya kaboni si mchirizo mmoja kamili, kiwandani huwa wanapaka vipande viwili vya kaboni vya ukinzani tofauti vikaungana, na kuna pahali katikati utasikia kasi inabadilika, lakini kwa gitaa haisumbui.

Thamani, yaani ohm zake, fuata mchoro wa ampi, usibuni. Ampi ya Fender Champ, mchoro wa 5F1, inataka moja tu ya 1M ya logi na kwisha, ndo mana naipendekeza kwa anayeanza. Bassman ya 5F6-A, ambayo Marshall JTM45 ilitokana nayo, ina trebo 250K, besi 1M na mido 25K, halafu presensi, ile nobu ya kung'arisha sauti za juu, ya 5K. Hio presensi kwenye mchoro huo hupitisha umeme wa DC kidogo kwa jinsi ilivyoungwa, kwa hivo ikikwaruza ukiigeuza ndo asili yake, si potenshomita mbovu. Pia jueni hizi za kaboni kwa kawaida huruhusiwa kupotoka asilimia 20 juu au chini, yaani 1M inaweza kuwa 800K au 1.2M na kiwanda kiko sawa. Kwa volyumu sijali. Kwa trebo na besi napenda kupima kadhaa nichague.

Umbo sasa. Ile ya 24 mtungi wake, yaani lile ganda la chuma, ni mkubwa, mstari wa kaboni ndani ni mrefu zaidi, na miguu ina nafasi, unaweza kupitisha waya ukaupinda kwanza kisha ndo ulehemu, ukashika hata kabla ya risasi ya kulehemia. Ile ndogo ya milimita 16 miguu imebanana na ukichelewesha pasi ya kulehemia kidogo plastiki inalegea. Shafti nzima ya milimita 6.35 ndo inakaa na nobu za skrubu vizuri, nobu hio ukiiweka kwenye shafti ya milimita 6 itakaa upande na kila mtu ataona. Angalia shingo pia: 24 za mtindo wa Marekani zinataka tundu la 9.5, nyingi za 16 zinataka 7, na kama una bati la mbele juu ya chesisi chukua shingo ndefu ama nati haitashika uzi. Tundu zote toboa kabla hujafunga transfoma, vumbi la chuma ndani ya ampi ni balaa.

Kile kijino kidogo kando ya shingo, mafundi wengi wanakivunja kwa plaisi. Msivunje jamani, toboeni kitundu chake, maana nati ikilegea hicho ndo kinazuia mtungi kuzunguka na kukata waya. Weka washa ya meno kwa ndani ikwaruze rangi ya chesisi, kwa sababu mtungi lazima ushike athi, yaani uungane na chesisi. Ukisikia mvumo unabadilika kila ukigusa nobu ya chuma basi jua mtungi haujashika. Athi za mguu wa kwanza mimi nazikusanya kwenye waya mmoja mnene uliopita nyuma, silehemu mgongoni mwa mtungi kama ampi za zamani, moto mwingi vile unaharibu grisi ndani, na bei ya potenshomita si ya kuchezea ukiagiza kutoka nje.

Na wallahi kabla mkono haujaingia humo chomoa plagi, kapasita za pawa, zile zinazohifadhi umeme, mwagia umeme wake kwa rezista, pima mpaka uone sifuri. Volti 300 na zaidi zinaweza kubaki hapo hata ampi ikiwa imezimwa.

Kuhusu kukwaruza, hapa pwani watu wote wanalaumu chumvi ya hewa. Ni kweli ina sehemu yake. Lakini kabla hujatupa potenshomita pima DC kwenye ule mguu unaoingia sauti, bila gitaa. Yafaa iwe karibu sifuri. Ukipata volti, kapasita ya kutoka kwenye pleti ya valvu inavuja, badilisha hio. Utaweka CTS ya dhahabu na bado itakwaruza kama kapasita ni mbovu.

Zile zisizo na jina nilizonunua hapa mjini, dukani zilikuwa kwenye trei wazi, shafti zinayumba tangu mpya, moja imeandikwa A na mita ikasema linia. Muuzaji alikuwa mkarimu, akaniruhusu kupima pale pale kaunta na akanibadilishia, hilo nampongeza, lakini aliyonibadilishia ilikuwa hivo hivo. Baada ya masika zikaanza kukatika sauti. Zilisafishika kwa dawa ya kusafishia, zikarudi tena vile vile.

Alpha nazipa nyota nne kwa tano. Iliyobaki nimeikata kwa ajili ya ile asilimia 20 na kwa sababu pale kwenye miguu kuna uwazi ambao hewa yetu inaingia. Mara moja moja napuliza DeoxIT, dawa ya kusafishia, hapo, nageuza kwenda na kurudi, inatosha. WD-40 ya kawaida usitie, inaacha mafuta na vumbi linashika humo. Mwenye nyumba mbele ya bahari kabisa, Mji wa Kale au Shanzu, na mfuko unaruhusu, aangalie PEC za Kanada za wati 2, zile za kaboni iliyofinyangwa. Ziko ghali mno lakini ni ngumu kweli. Wengine tuagize Alpha kwa pamoja, mzigo mmoja, tugawane nauli.