Kompyuta ya kijana anayeshindana kuandika programu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mpwa wangu alipomwambia mama yake, "Jumamosi nakodi," dada yangu aliuliza anakodi nini na kwa hela ya nani. Tukacheka, tukamweleza kwamba siku hizi vijana wakiandika programu wanasema wanakodi. Wiki iliyofuata dada akanipigia tena, safari hii hacheki: mtoto anataka kompyuta ya mashindano, na kijana wa dukani amemwambia bila kadi ya michezo na taa za rangi haiwezekani.

Inawezekana sana. Kwenye tovuti za mashindano kama Codeforces au AtCoder mshindani hatumi kompyuta yake, anatuma maandishi ya programu tu. Mashine ya waandaaji ndiyo inayoiendesha na kupima muda, na ya mwenye kompyuta ghali na ya mwenye mtumba zinapimwa sawa. Chukua swali linalompa orodha ya namba 200,000 atafute zinazojirudia, kwa muda wa sekunde 2. Mtoto akilinganisha kila namba na kila nyingine, hiyo ni hatua bilioni 40. Washindani hukadiria kwamba lugha ya programu ya C++ inapiga hatua nyepesi milioni 100 hivi kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji karibu dakika 7. Hakuna kompyuta ya dukani itakayomwokoa. Lakini akizipanga kwanza kuanzia ndogo hadi kubwa, kazi inashuka hadi hatua kama milioni tatu na nusu, na jibu linatoka kabla hajaondoa kidole kwenye Enter.

Kwa hiyo hela yako iende kwenye kibodi, betri, SSD (diski ya kasi) na kiti. Mpangilio wangu ni huu, nikiangalia kijana anapata nini kwa hela inayotoka. Namba za bei siandiki, zinabadilika kila kontena linapofunguliwa.

Ya kwanza: laptopu ya ofisini iliyotumika, kizazi cha sita au cha saba

Hapa simung'unyi maneno. Tafuta Lenovo ThinkPad T470, HP EliteBook 840 G3, au Dell Latitude ya rika hilo. Kizazi unakisoma kwenye jina la prosesa: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane. Ziko nyingi sokoni kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai Intel kuanzia kizazi cha nane. Maofisi ya Ulaya yanazitoa, sisi tunazipokea. Mshindani hapungukiwi kitu, maana utamwekea Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Toleo jepesi kama Lubuntu au Linux Mint ya Xfce linatembea bila kuhema kwenye RAM ya GB 8, na ukiandika *sudo apt install g++*, amri inayoleta kitafsiri cha C++, mambo yameisha. Hata Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, IOI, wanafunzi hutumia kompyuta zenye Ubuntu, ambayo nayo ni Linux.

T470 naipenda zaidi kwa jambo moja: ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma. Ya nyuma unaichomoa na kuweka nyingine kompyuta ikiwa inawaka. Kwa mtaa ambao umeme hukatika mtoto akiwa swali la tatu, hilo ni jambo kubwa.

Sasa dukani. Muuzaji atakuonyesha kioo kinavyong'aa. Mwache amalize, kisha omba ufanye mambo yako.

Zima kompyuta, iwashe huku unabonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, ili uingie kwenye mipangilio yake ya ndani (BIOS). Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, rudisha mkono mfukoni. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Nilifika nyumbani, nikachomeka flashi yenye Linux, ikatokea picha ya kufuli: kampuni iliyokuwa ikiitumia iliifunga na haikuifungua. Niliporudi, nikaonyeshwa kibao ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi alikula hela ya kununulia RAM.

Kama ina Windows, fungua dirisha jeusi la amri, andika *powercfg /batteryreport*, kisha fungua ripoti inayotengenezwa. Tazama mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ukiona 46,000 juu na 19,000 chini, hiyo betri imebaki na asilimia 41. Usiache kununua kwa sababu hiyo, ila bei ya betri mpya itoke kwenye bei yake.

Halafu kibodi, ambayo wengi hawaigusi. Fungua Notepad, mwambie mtoto aandike *#include*, mabano ya mawimbi {} na ya mraba []. Mpwa wangu alikwama hapohapo: "Mjomba, hii reli imeenda wapi?" Ilikuwa laptopu iliyotoka Uingereza, ambako Shift na 3 hutoa alama ya pauni, na reli, ileile tunayomalizia nayo menyu ya pesa za simu, imekaa karibu na Enter. Hiyo inazoeleka. Ya Ujerumani ni mtihani zaidi: Y na Z zimebadilishana nafasi, na mabano ya mawimbi unayapata kwa AltGr pamoja na 7 na 0. Unaweza kubadilisha mpangilio kwa programu, lakini maandishi ya kwenye vitufe yatakuwa yanamdanganya kila siku. Ukiona stika zimebandikwa juu ya vitufe, inua moja kwa ukucha uone kilichojificha.

Ya pili: kompyuta ndogo ya mezani

Ile yenye ukubwa wa kamusi nene: HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny. Kwa bei huwa nafuu kuliko laptopu ya rika lake, kioo unakichagua kikubwa, na kibodi ikifa unanunua nyingine bila kumwita fundi. Nyumba yenye watoto wawili watatu ningeiweka ya kwanza. Ila haina betri, hivyo UPS (betri ya akiba) ni lazima, na ruta nayo ichomekwe hapohapo. Watu wengi huokoa kompyuta wakaacha intaneti izimike. Angalia pia matundu ya nyuma. Nyingi zina DisplayPort, na televisheni yako ina HDMI. Adapta idai palepale dukani.

Ya tatu: kizazi cha nane kwenda juu

ThinkPad T480, EliteBook 840 G5. Nunua kama baba au mama naye ataitumia kwa kazi inayotaka Windows 11. Kwa mashindano peke yake unalipia jina.

Ya nne: simu uliyonayo

Najua hii itabishaniwa. Android yenye programu ya Termux inaendesha lugha za Python na C++, na kibodi ya kawaida inachomekwa kwa waya wa OTG. Macho yatachoka, lakini mwaka wa kwanza wa mazoezi unapita, na hela ya laptopu inaendelea kukusanyika.

Simu nimeiweka juu ya laptopu mpya ya bei poa makusudi. Ile yenye prosesa nyonge ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyogandishwa kwenye bodi na hifadhi ya eMMC ya GB 64: Windows inakula nafasi, masasisho yanakula iliyobaki, na huwezi kuongeza chochote. Inanukia upya, basi.

Ya mwisho ni ya michezo. Nzito, feni inapiga kelele, betri haifiki mbali. Na ina michezo.

Meza, kiti na saa

Raundi nyingi za Codeforces huanza 17:35 kwa saa za Moscow, na Moscow na sisi saa zetu ni moja. Ni saa 11:35 jioni. Raundi inayodumu saa mbili inamkuta mtoto kwenye adhana ya Magharibi, sufuria za jikoni na umeme wa kusuasua, vyote pamoja. Shindano la Jumamosi la AtCoder kwa kawaida linaanza saa 3 usiku Japani, kwetu saa 9 alasiri, bati likiwa limeiva. Kwa hiyo meza isikae chini ya dirisha la magharibi wala sebuleni mbele ya televisheni. Mwambie seremala kimo cha sentimeta 72 hadi 75. Laptopu ipandishwe juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kibodi ya nje ibaki chini kwenye meza. Kiti cha plastiki kinatosha kikiwa na mto mgongoni, ila stuli hapana: IOI ni saa tano kwa siku, siku mbili, maswali matatu kila siku, na mgongo nao unafanya mtihani.

Upande wa kulia wa kibodi acha nafasi ya kaunta buku. Kwenye ICPC, mashindano ya vyuo vikuu, watu watatu wanapewa kompyuta moja kwa saa tano. Mmoja anachapa, wawili wako kwenye karatasi. Mpwa wangu ameshamaliza kaunta mbili. Kibodi bado ni ileile ya reli karibu na Enter, na hataki nimbadilishie.