Kotlin baada ya miaka 11 ya Java: uzoefu wangu

Nimeandika programu kwa lugha ya Java miaka 11 hapa Nairobi, mingi nikiwa na kampuni moja inayotengeneza mifumo ya SACCO. Mwaka jana tuliambiwa kazi zote mpya za Android ziandikwe kwa Kotlin. Nilipewa wiki mbili nijifunze. Naipenda lugha hii, lakini wiki mbili hazikutosha, na nataka mwenzangu anayetoka Java ajue kwa nini.

Kuisoma si kazi. Kotlin ni ya JetBrains, toleo 1.0 lilitoka mwaka 2016, na huendeshwa kwenye mashine pepe ileile ya Java (programu inayoendesha msimbo), kwa hiyo maktaba nilizozizoea, yaani msimbo ulioandikwa tayari, zilinifuata. Usikimbilie kununua kozi. Mazoezi ya Kotlin Koans ni ya bure na hufunguka kwenye kivinjari; nilikuwa nayafanya jioni nikifika nyumbani Umoja, na wiki ya kwanza haikuisha kabla sijaweza kusoma msimbo wa wenzangu bila kuuliza.

Kuiandika ndiko kulikonitoa jasho. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa klasi (umbo la kushikilia taarifa) ya mwanachama wa SACCO. Niliiandika kwa mistari zaidi ya 60: sehemu za kusoma na kubadilisha kila taarifa (get na set), na za kulinganisha na kuonyesha (equals, hashCode, toString). Kijana anayetuongoza alivuta kiti, akasoma hadi mwisho, akasema, "Mkubwa, hii bado ni Java, tumeibadilisha jina tu." Akafuta yote na kubakiza mstari mmoja, kwani nyingi ya sehemu zile Kotlin huziunda yenyewe:

data class Mwanachama(val jina: String, val jinaLaKati: String?, val simu: String)

Najua Java nayo ina record, ufupisho kama huo, tangu toleo la 16, ila mfumo wetu ulikuwa bado kwenye la 8.

Sasa itazame ile alama ya kuuliza baada ya String ya pili. Miaka kadhaa nyuma, mama mmoja alifika kaunta na kitambulisho chenye majina mawili tu. Kila karani alipofungua akaunti yake, programu ilijifunga. Mama wa watu alisimama pale asubuhi nzima akingoja pesa zake mwenyewe, nasi tulikesha hadi saa nane usiku tukitafuta mstari wenye kosa. Kilichotuangusha ni null: jina la kati halikuwepo, na msimbo ulidhani lipo.

Kwenye Kotlin, alama ile husema jina linaweza kukosekana; ukiandika jinaLaKati.length (urefu wa jina) bila kushughulikia uwezekano huo, kompaila, programu inayotafsiri msimbo, inakukatalia hapohapo. Unalazimika kusema litakalofanyika jina likikosekana, kwa mfano jinaLaKati ?: "", yaani likikosekana tumia maandishi matupu, basi. Kwangu mimi, hili peke yake lingetosha kunihamisha.

Lakini ulinzi huo una tundu. Data ikitoka kwenye maktaba ya zamani ya Java isiyo na alama za kueleza nini kinaweza kuwa null, Kotlin haikuonyi, inakuachia mwenyewe. Mwezi wa pili nilinaswa hapo. Siku hizi kila kinachovuka kutoka Java nakiandikia aina yake kwa mkono, na alama ya kuuliza juu. Zile alama mbili za mshangao, !!, ambazo humwambia kompaila "niamini", nimeziacha kabisa.

Kingine kitakachomshtua mtu wa Java: klasi hairithiwi, yaani huwezi kujenga klasi nyingine juu yake, mpaka uiandike open. Majaribio yetu kadhaa yalivunjika kwa sababu hiyo, ingawa nimekuja kuona ni uamuzi mzuri. Kuhusu coroutines, njia ya Kotlin ya kuendesha kazi chinichini bila kugandisha skrini, jipe mwezi mzima. Kuanzisha kazi ya aina hiyo ni rahisi. Kuelewa inavyositishwa mtumiaji akiondoka kwenye skrini ndiko kunakohitaji utulivu. Na kama laptopu yako ina RAM ya GB 8 kama yangu ya zamani, kujenga mradi mkubwa wa Android kutakuchosha roho. Mimi iliniuma nikaongeza hadi 16.

Jema lingine ni kwamba faili za Java na za Kotlin hukaa pamoja kwenye mradi mmoja, hivyo hakuna haja ya kubomoa nyumba ili ubadilishe mlango. Tunahamisha moja moja, wiki hadi wiki. Faili ya kwanza niliyoomba niihamishe mwenyewe ni ile inayomwonyesha karani akaunti ya mwanachama.